Kanda la Usufi

Usiku wa tarehe 12 Machi 1832, watu waliofurika katika ukumbi wa Opera wa Paris, mtaa wa Le Peletier, walimwona mwanamke amesimama kwa ncha za vidole vya miguu, kana kwamba sakafu haimhusu. Alipotembea hakusikika. Aliporuka alitua kama unyoya. Na mwanaume aliyemtamani aliponyoosha mkono kumshika, alipaa na kutokomea kwenye dohani. Jina lake Marie Taglioni, umri wake miaka 27.

Mchezo wenyewe, La Sylphide, ulitungwa na baba yake mzazi, Filippo Taglioni. Kijana wa Uskoti, siku ya harusi yake, anamwacha mchumba na kukimbilia msituni akimfuata kiumbe wa hewani mwenye mabawa madogo. Anampenda lakini hamshiki. Mwishowe mchawi anampa mtandio wa kumfungia asiruke tena. Anamfunga. Mabawa yanapukutika, na kiumbe yule anafia mikononi mwake. Wepesi ukitiwa kamba, hufa. Ndivyo hadithi inavyosema. Nyuma ya pazia mambo yalikuwa kinyume chake, kwani wepesi ulioonekana usiku ule ulitegemea kamba.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Anayetazama mzigo ukiwa kichwani pa mwingine hauhisi. Nimeisoma historia ya dansi nikiwa na methali hii moyoni, na kila nilipokuta mtu anayeelea nilimtafuta aliyembeba. Sijamkosa hata mara moja.

Aliyembeba Taglioni kwanza alikuwa Taglioni mwenyewe. Kabla hajatoka mbele ya watu kwa mara ya kwanza mjini Vienna, mwaka 1822, baba yake alimfanyisha mazoezi kwa muda wa saa sita kila siku: saa mbili za kuimarisha miguu, saa mbili za kushikilia mkao mmoja bila kuyumba huku akihesabu polepole, na saa mbili za kuruka na kutua. Maumbile yake hayakuwa yale yaliyosifiwa wakati ule. Mgongo ulikuwa na kipinda kidogo na mikono ilikuwa mirefu. Baba akaugeuza upungufu kuwa mtindo: akamfundisha kuegemea mbele kidogo na kuikunja mikono kwa ulaini, na mwinamo ule hadi leo ndio unaotambulisha baleti za zama zile. Viatu vyake vilikuwa satini tupu iliyoshonwashonwa nyuzi kwenye ncha. Havikuwa na ile sehemu ngumu ya ndani wanayoisimamia wacheza baleti wa sasa. Vidole vyake vilibeba mwili mzima.

Waliombeba baada ya hapo walikuwa mafundi. Mwaka 1796, mjini London, mtunzi wa dansi Charles Didelot alionesha mchezo wake Flore et Zéphire, ambamo wachezaji walifungwa waya zilizounganishwa na mitambo juu ya jukwaa. Fundi akivuta kidogo, mchezaji aliinuka kwa ncha za vidole. Akivuta zaidi, mchezaji aliiacha sakafu. Katika sehemu ya pili ya La Sylphide, kundi zima la viumbe wa hewani lilirushwa kwa njia hiyo kati ya miti ya msitu wa kuchorwa. Waliovuta walisimama gizani, jasho likiwatoka, na hakuna aliyewapigia makofi. Mwandishi Théophile Gautier alisimulia jinsi wachezaji wawili walivyokwama hewani siku moja, wananing'inia, hawapandi wala hawashuki, mpaka mfanyakazi mmoja alipohatarisha maisha yake kwa kuteremka darini kwa kamba ili awanusuru. Siku hiyo angalau watazamaji waliiona mikono inayobeba.

Mwanga nao ulidai malipo. Taa za gesi zilikuwa zimeingia katika Opera ya Paris tangu mwaka 1822. Mwangaza wake laini ulizifanya sketi za shashi, tabaka juu ya tabaka, zionekane kama ukungu wa alfajiri. Mwaka 1858 msichana wa miaka 16, Emma Livry, alicheza La Sylphide katika Opera hiyohiyo. Taglioni, ambaye sasa alikuwa amestaafu, alirudi Paris kumwona, akabaki kumfundisha. Kisha akamtungia mchezo, Le Papillon, yaani Kipepeo, ulioonekana mwaka 1860 kwa muziki wa Jacques Offenbach. Humo kipepeo anavutwa na mwali wa mwenge mpaka mabawa yake yanaungua.

Mwaka 1859 serikali ya Ufaransa ilikuwa imeamuru mavazi ya jukwaani yalowekwe dawa ya kuzuia moto. Dawa ile ilikikakamaza kitambaa, ikafifisha weupe wake na kuharibu mwanguko wake. Livry akakataa. Alimwandikia mkurugenzi kwamba ataendelea kucheza na sketi yake ya kawaida, na kwamba lolote litakalotokea liwe juu yake. Tarehe 15 Novemba 1862, wakati wa mazoezi, sketi iligusa taa ya gesi. Alikimbia jukwaani akiwaka. Aliishi na majeraha kwa miezi minane, akafariki tarehe 26 Julai 1863 akiwa na miaka 20. Mabaki ya vazi lake yamehifadhiwa katika makumbusho ya Opera mjini Paris, vipande vichache vinavyotosha kisanduku kidogo. Alichokataa ni uzito mdogo mno wa dawa kwenye shashi. Siwezi kumlaumu, alikuwa msichana aliyefundishwa na watu wazima wote waliomzunguka kwamba thamani yake ni kuonekana hana uzito.

Karne ikageuka, na wepesi ukahamia kwa mwanaume. Tarehe 19 Aprili 1911, mjini Monte Carlo, Mrusi Vaslav Nijinsky alicheza Le Spectre de la Rose, mchezo wa Michel Fokine. Msichana, aliyechezwa na Tamara Karsavina, amerudi kutoka dansini na kusinzia kitini na ua la waridi. Roho ya ua inaingia, inacheza naye, kisha inaondoka kwa mruko mmoja kupitia dirishani. Watazamaji walimwona Nijinsky akienda juu. Hawakumwona akishuka, kwa sababu ukuta wa jukwaa ulimficha kabla hajaanza kushuka. Ng'ambo ya dirisha walikuwapo watu wa kumdaka, naye akiwaangukia ameishiwa pumzi.

Watu walibishana kama Nijinsky aliweza kusimama hewani. Hakuna mwili unaosimama hewani, lakini macho yao yaliona jambo la kweli. Chukua mtu anayeruka nusu mita. Tangu nyayo ziiache ardhi hadi zirudi, hupita takriban sekunde 0.64. Nusu nzima ya muda huo mwili huwa katika robo ya juu ya kimo cha mruko, kwa kuwa mwendo hupungua kadiri kilele kinavyokaribia. Aliyewatazama morani wa Kimaasai katika adumu, ngoma yao ya kuruka, wima kama mikuki, mikono ubavuni, anakijua kitambo hicho: mabega yanafika juu, yanakaa, ndipo yanarudi. Mcheza baleti hukirefusha kwa hila. Akiinua miguu na mikono anapokaribia kilele, kichwa chake husafiri karibu na mstari ulionyooka, na anayetazama huapa kwamba ameteleza juu ya hewa.

Na kuna la kushangaza zaidi. Katika kitambo hicho, kifupi kuliko sekunde moja, anayeruka kweli hana uzito. Mwaka 1907 Albert Einstein, akiwa bado mfanyakazi wa ofisi ya hataza mjini Bern, alitambua kwamba mtu anayeanguka bila kizuizi hauhisi uzito wake. Baadaye alilitaja wazo hilo kuwa la furaha kuliko mawazo yake yote. Tunachokiita uzito ni sakafu inayotusukuma juu ili tusiendelee kuanguka. Kabla ya fundi wa kamba na kabla ya mdakaji wa dirishani, mbebaji wa kwanza wa kila mcheza dansi ni ardhi.

Nijinsky alilitambua hilo kwa miguu yake. Miaka miwili baada ya dirisha la waridi, tarehe 29 Mei 1913, alionesha Paris mchezo alioutunga kwa muziki wa Igor Stravinsky, Le Sacre du printemps. Wachezaji walipinda nyayo ndani, wakainamisha migongo, wakaikanyaga sakafu kwa vishindo. Ukumbi ulilipuka kwa zomeazomea na ugomvi. Kwa aliyekulia penye ngoma, kukanyaga ardhi si tusi. Ni namna ya kuzungumza nayo. Lakini watu wale walikuwa wamemzoea Nijinsky kama ndege, na ndege wao alikuwa amechagua udongo.

Waliokuja baada yake, huko Marekani, waligeuza chaguo hilo kuwa elimu. Doris Humphrey, katika miaka ya 1920 na 1930, alijenga mbinu nzima juu ya kuanguka na kujizoa. Kwake yeye, mwili uliosimama tuli ni kama umekufa, na mwili uliolala chini umekufa pia. Dansi ni upinde ulio kati ya vifo hivyo viwili. Hakuificha nguvu ya uvutano wa dunia kama Taglioni alivyoificha. Aliifanya mchezaji mwenza.

Mwaka 1970, tarehe 18 Aprili, mtunzi wa dansi Trisha Brown alimteremsha mtu kwa miguu kutoka juu ya jengo la ghorofa saba, namba 80 mtaa wa Wooster, New York. Mtu yule, aliyefungwa mikanda na kamba, alitembea ukutani akiwa amelala sambamba na ardhi, hatua kwa hatua, kama anayekwenda sokoni. Wakati huu kamba haikufichwa. Kila aliyekuwa mtaani aliiona na kujua kwamba uhai wa yule mtembeaji umo mikononi mwa walioishika. Mwaka uliofuata, katika makumbusho ya Whitney, Brown aliwatembeza wachezaji juu ya kuta za ukumbi, na watazamaji waliosimama sakafuni wakajihisi kama wanachungulia barabara kutoka dirisha la juu.

Kisha, Januari 1972, katika chuo cha Oberlin, jimbo la Ohio, Steve Paxton na kundi la vijana walifanya mchezo ulioitwa Magnesium juu ya mkeka wa mieleka. Walirukiana, wakagongana, wakaanguka, wakabingirika, wakainuka. Mwishoni walisimama tu, kwa dakika kadhaa, wakisikiliza jinsi mwili unavyotikisika kidogokidogo ili usianguke. Kutokana na jaribio hilo ukazaliwa, mwaka huohuo, mtindo wa dansi ya kugusana, ambamo wawili hukutana mahali pamoja pa mwili, bega kwa mgongo au nyonga kwa kifua, na kupeana uzito bila mpango. Mdogo humbeba mkubwa, kwa kuwa anayejua mahali pa kuweka mgongo wake hahitaji nguvu nyingi. Huu ni wepesi usiomficha mbebaji, na zamu za kubeba hubadilika kila mara.

Wakati wacheza dansi wakijifunza kuanguka, wanasayansi walikuwa wamepata njia ya kuurefusha mruko. Mwaka 1950 ndugu wawili, Fritz na Heinz Haber, walieleza kwamba ndege ikifuata njia ya jiwe lililorushwa, waliomo ndani wataanguka pamoja nayo na kuelea. Ndivyo inavyofanyika hadi leo. Ndege ya Airbus inayotumiwa kwa kazi hiyo kutoka Bordeaux, Ufaransa, huinua pua mpaka nyuzi zipatazo 47. Katika kupanda huko uzito wa mwili huongezeka hadi karibu mara 1.8, na mtu wa kilo 60 hujihisi ana 108. Kisha rubani hupunguza nguvu ya injini, na kwa sekunde 22 kila kitu kinaelea. Halafu uzito ule mkubwa unarudi. Kwa kawaida hufanywa mara 31 katika safari moja. Jumlisha: dakika 11 na sekunde 22 za kuelea, na karibu maradufu yake za kukandamizwa.

Mwaka 1990, Kitsou Dubois, mtunzi wa dansi wa Ufaransa, aliingia katika ndege ya namna hiyo, Caravelle ya shirika la anga la nchi yake. Hakwenda kuburudika. Alikuwa na swali: ikiwa wanaanga wengi huchanganyikiwa na kutapika siku za mwanzo, kwa kuwa sikio la ndani halijui tena juu ni wapi, je, mtu aliyetumia maisha yake kuutafuta mhimili wa mwili wake anaweza kuwasaidia?

Alichokikuta kilibomoa nusu ya ufundi wake. Sakafuni mcheza dansi huzunguka kwa sababu mguu wake umeisukuma sakafu. Bila sakafu hakuna cha kusukuma. Huwezi kuanguka, kwa hiyo huwezi kujizoa. Ukimsukuma mwenzio, nawe unakwenda nyuma. Ukianza kujizungusha, hakuna kitakachokusimamisha mpaka uguse kitu au mtu. Mikono haining'inii, inainuka yenyewe mbele ya kifua, magoti yanajikunja, mwili unachukua umbo la mtu aliye majini. Mwenye misuli mikali na miondoko ya ghafla huumia, maana kila nguvu ya ziada humtupa ukutani.

Nusu iliyobaki ya ufundi ndiyo iliyomsaidia. Dubois alijifunza, na kuwafundisha wenzake, kuanzisha mwendo ndani, tumboni na katika pumzi, badala ya kuusubiri utoke miguuni. Kwenda polepole bila kukatiza. Kubeba wima wake mwenyewe moyoni wakati dunia haimwoneshi tena. Aliutumia mchezo wa majini kama maandalizi. Na alitegemea mguso: kiganja cha mwenzake kilimwambia yuko wapi. Mwaka 1994 alichapisha matokeo katika jarida la Leonardo, na baadaye akaandika tasnifu ya udaktari kuhusu mbinu za dansi katika kuwafunza wanaanga. Mwishoni mwa muongo huo alishirikiana na watafiti wa Chuo cha Imperial, London, waliochunguza jinsi mwili unavyojidhibiti usipokuwa na uzito.

Wengine walifuata. Tarehe 15 Desemba 1999, mtunzi wa maigizo wa Slovenia, Dragan Živadinov, alipandisha waigizaji na watazamaji wachache katika ndege ya Ilyushin-76 ya kituo cha kufunza wanaanga karibu na Moscow, akawachezesha ukumbi mzima ukielea. Aliufanya mchezo huo kwa heshima ya Herman Potočnik, mhandisi mwenye asili ya Slovenia aliyechora kituo cha angani chenye umbo la gurudumu katika kitabu alichokitoa mwishoni mwa miaka ya 1920. Gurudumu lile lilikusudiwa kuzunguka ili wakazi wake wapate tena uzito. Potočnik alielewa kabla ya wengi kwamba binadamu hatadumu bila mzigo wake.

Wakati umempa haki. Wanaoishi leo katika kituo cha kimataifa cha angani, kilomita zipatazo 400 juu yetu, hawako nje ya uvutano. Karibu asilimia 90 ya uvutano wa ardhini uko hukohuko. Wanaelea kwa kuwa wanaanguka kuizunguka dunia bila kuifikia, mruko wa morani usio na kutua. Na mwili usiobeba kitu hujibomoa. Mifupa ya nyonga hupungua takriban asilimia 1 kila mwezi. Ndiyo maana kila siku hujifunga mikanda ya kuwavuta chini, wakakimbia na kusukuma mitambo kwa muda wa saa mbili hivi. Wanautafuta kwa jasho ule uzito ambao Emma Livry aliukataa.

Nimeiweka mwisho safari iliyotangulia baadhi ya hizi kwa miaka, kwa sababu ndiyo iliyonifunza zaidi. Tarehe 12 Septemba 1992, chombo cha Endeavour kiliondoka Florida kikiwa na Mae Jemison, Mmarekani mweusi wa kwanza mwanamke kwenda angani. Alikuwa daktari na mhandisi, na alikuwa mcheza dansi tangu utotoni. Alipokuwa mwanafunzi wa udaktari aliwahi kufanya kazi na Madaktari Warukao hapa Afrika Mashariki. Ujanani alisita kati ya dansi na tiba. Mama yake, mwalimu, alimkumbusha kwamba daktari anaweza kucheza dansi, lakini mcheza dansi hawezi kutibu. Akachagua tiba, na dansi hakuiacha.

Miongoni mwa vitu vichache alivyoruhusiwa kubeba, Jemison alichukua bango la mcheza dansi Judith Jamison akicheza Cry. Alvin Ailey alitunga dansi hiyo mwaka 1971 kama zawadi ya siku ya kuzaliwa kwa mama yake, akaitoa wakfu kwa wanawake weusi wote, na hasa kwa mama zetu. Mchezaji ni mmoja, naye hucheza kwa dakika zipatazo 16. Ana kitambaa kirefu cheupe. Anakibeba kama mzigo, anapiga magoti na kukitumia kusugua sakafu, anajitanda, kisha anainuka nacho. Mikono yake mirefu inafunguka kama mabawa, lakini nyayo haziisahau sakafu. Dakika zote za kuelea katika safari nzima ya ndege ya Bordeaux hazingetosha kuimaliza dansi hiyo, na isingechezeka humo, maana imejengwa kwa uzito mtupu.

Angeweza kuchagua picha ya mchezaji anayepaa. Alichagua ya mwanamke anayebeba. Jemison ameeleza kwamba vitu alivyovichukua viliwakilisha watu ambao mara nyingi huachwa nje. Ninavyoelewa mimi, aliwapeleka waliovuta kamba. Kwa siku nane, juu ya mawingu, karatasi ile haikuwa na uzito wowote. Aliyeipeleka hakuwa miongoni mwa wanaouona mzigo wa mwenzao kanda la usufi. Alijua amefika pale juu ya mgongo wa nani.